Maswali ya Wasomaji: Habari za leo ndani ya somo la saikolojia

Mwezi huu barua nyingi zimetoka kwa walimu na wanafunzi wa saikolojia wa Unguja na Pemba, na karibu zote zinazunguka jambo moja: namna ya kuzitumia habari za redioni, za gazetini na za kwenye simu kufundishia. Tumechagua tano. Majina hatukuyataja, kama wenyewe walivyoomba.

Assalaam aleikum. Nafundisha saikolojia ya elimu kwenye chuo cha ualimu hapa Chake Chake, darasa la wanafunzi 60. Wanakariri notsi, mtihani ukipita wanasahau. Nimeingia na gazeti darasani, tukasoma habari, kila mtu akatoa maoni yake, kipindi kikaisha. Sikuona walichojifunza. Nakosea wapi? – Maalim, Chake Chake

Waaleikumu ssalaam, Maalim. Gazeti halina kosa, ni mpangilio tu. Ukisoma habari halafu ukauliza “mnaonaje?”, umefungua baraza, na barazani kila mtu ana hoja na hakuna anayedaiwa ushahidi. Habari itoe swali ambalo darasa linaweza kulijibu kwa kuhesabu. Na kabla ya jibu, kila mwanafunzi aandike makisio yake kwa kalamu, kwenye karatasi yenye jina lake. Hatua hii ndiyo inayorukwa sana. Mtu akishaambiwa matokeo ya utafiti, huona kama alikuwa akiyajua siku zote. Ungempa matokeo ya kinyume angesema vilevile. Akiwa na makisio yake mkononi, hawezi kujidanganya.

Usihangaike kutafuta habari inayoanza na “wanasaikolojia wasema”. Chukua ya kawaida, ya mistari kumi. Tuseme ajali: magari mawili yamevaana. Mwandishi ameandika “yavaana”; angeweza kuandika “yagongana” au “yagusana”. Je, neno alilochagua linabadilisha kile shahidi anachokikumbuka?

Swali hili Elizabeth Loftus na John Palmer walilijaribu Marekani mwaka 1974. Wanafunzi 45 walioneshwa filamu fupi za ajali, kisha wakaulizwa magari yalikuwa yakienda kwa mwendo gani. Swali lilikuwa lilelile, kitenzi tu ndicho kilichobadilishwa. Walioulizwa kwa kitenzi kikali kuliko vyote walikisia wastani wa maili 40.8 kwa saa, kama kilomita 66. Waliopewa kitenzi laini walikisia maili 31.8, yaani kilomita 51. Kwenye jaribio la pili, wiki moja baada ya kutazama filamu, watu waliulizwa kama waliona vioo vilivyovunjika. Vioo havikuwamo. Katika 50 waliopewa kitenzi kikali, 16 walisema waliviona. Katika 50 waliopewa kitenzi cha kawaida, 7. Katika 50 ambao hawakuulizwa habari ya mwendo kabisa, 6.

Darasani fanya hivi. Tafuta video ya ajali ya sekunde 10 hadi 20, isiyo na damu wala majeruhi, na uizime sauti. Andaa nusu karatasi 60. Kwenye 30 andika: “Magari yalikuwa yakienda kilomita ngapi kwa saa yalipovaana?” Kwenye 30 nyingine badilisha neno la mwisho tu: “yalipogusana?” Zipange moja moja kwa kupokezana kabla ya kuzigawa, A, B, A, B. Usiwape wa kulia A na wa kushoto B, maana marafiki hukaa pamoja na wa nyuma hawaoni skrini sawasawa na wa mbele; ukipata tofauti hutajua imetoka kwenye neno au kwenye viti. Video ioneshwe mara moja. Karatasi zigawiwe zikiwa zimefunikwa, na swali usilisome kwa sauti, kwani ukilisoma tu umeshafichua.

Zikirudi, andikeni namba zote ubaoni katika safu mbili. Watakuwapo wawili watatu walioandika 200. Kwa ajili yao usitumie wastani wa kugawanya; pangeni namba kuanzia ndogo hadi kubwa na mchukue ya katikati. Kazi yote hii ni dakika 25. Kumi na tano zilizobaki ni za kurudi kwenye gazeti: kila kundi lichukue habari tatu za ajali, lipigie mstari vitenzi, kisha liandike upya swali ambalo askari angemuuliza shahidi bila ya kumtia jibu mdomoni.

Huenda safu zako zikatoka sawasawa, bila tofauti yoyote. Usizikorogekoroge ili zifanane na kitabu. Kwa watu 30 kila upande, na makisio yanayotawanyika kutoka 20 hadi 120, tofauti ndogo humezwa kwa urahisi. Waambie hivyo, kisha waulize wangehitaji watu wangapi, na wangebadilisha nini kwenye video. Kwa ukweli, kipindi cha namna hiyo mara nyingi huzaa mazungumzo mazuri kuliko kile ambacho kila kitu kimetii.

Umeme ukikatika, kuna jaribio la akiba lisilotaka hata balbu. Soma pole pole, neno moja kila sekunde mbili: kitanda, mto, godoro, shuka, chandarua, ndoto, kukoroma, usiku, uchovu, kusinzia, mwayo, kuamka. Wape dakika moja ya kazi nyingine, kama kuhesabu kurudi nyuma kutoka 100 kwa kutoa tatu tatu, kisha waandike maneno wanayoyakumbuka. Halafu uliza: nani ameandika “usingizi”? Mikono itainuka, na neno hilo hukulisoma. Henry Roediger na Kathleen McDermott walipotumia orodha za aina hii mwaka 1995, katika jaribio lao la kwanza neno lisilosomwa lilikumbukwa mara 40 katika kila 100. Angalia usiliteleze mwenyewe kwenye maelezo. Ukisema “haya ni maneno ya usingizi”, umelipoteza jaribio.

Wanafunzi wangu wanataka tuzungumzie popobawa, lile jini linalosemekana huvamia watu usiku. Naogopa mambo mawili: kuwatia hofu, na kuonekana nagusa imani za watu. Je, linafaa darasani? – Mwalimu wa sekondari, Wete

Linafaa, tena kuliko mifano mingi ya vitabuni, ila linataka mkono mwepesi. Tunakushauri uanzie mbali ndipo urudi nyumbani.

Mbali ni Kashasha, karibu na Bukoba. Tarehe 30 Januari 1962, kwenye shule ya bweni ya wasichana, wanafunzi watatu walianza kucheka na kulia bila ya kuweza kujizuia. Hadi shule inafungwa tarehe 18 Machi, wasichana 95 kati ya 159 walikuwa wameshapatwa. Walimu hawakupatwa. Wasichana waliporudishwa makwao, hali ile ikazuka vijijini. Madaktari Rankin na Philip waliichunguza na kuandika ripoti mwaka 1963: hawakuona sumu wala maradhi ya mwili, na hakuna aliyekufa. Mitandaoni utasoma kwamba watu walicheka mwaka mzima bila ya kupumzika. Si kweli. Hali ilikuja na kuondoka, ikatulia kwa mmoja na kuanza kwa mwingine. Wape wanafunzi masimulizi ya mtandaoni na maelezo ya ripoti, wapigie mstari kila mahali yanapopishana.

Ndipo mrudi Pemba ya 1995. Mambo ya popobawa yalianzia huku mwanzoni mwa mwaka, yakavuka bahari hadi Unguja, na watu wengi wakawa wanalala nje kwa makundi, moto unawaka, wakikesha. Usiwaombe wanafunzi wasimulie yaliyompata jirani au mzee wao. Yale yaliyosimuliwa yana aibu ndani yake, na darasa si mahali pa kumvua mtu nguo. Kazi ya ubaoni iwe safu tatu: habari ilipita kwa njia gani, waliosikia walifanya nini usiku ule, na walichofanya kiliongeza hofu au kiliipunguza.

Hapo ndipo jinamizi linapoingia, na Kiswahili kinakupa neno ambalo kila mwanafunzi analijua tangu utotoni. Katika usingizi wa ndoto, ubongo hulegeza misuli ya mwili ili mtu asiinuke na kuitenda ndoto yake. Mara nyingine akili huamka kabla ya mwili kufunguliwa. Mtu yuko macho, hawezi kuinua hata kidole, kifua kizito, na mara nyingi anahisi kuna kitu chumbani. Hudumu sekunde chache hadi dakika kadhaa kisha hupita. Humpata zaidi anayelala chali na mwenye usingizi wa kukatikakatika. Uliza darasa: kama watu wanakesha nje kwa woga, usingizi wao unakuwaje, na jinamizi litaongezeka au litapungua? Waache wajenge mnyororo wenyewe. Wengine watafika kwenye mwezi wa Ramadhani na kuamka kula daku bila ya wewe kuwatajia. Liandike kama dhana ya kupimwa, maana jinamizi peke yake halielezi kila kilichosimuliwa mwaka ule.

Ama majini yapo au hayapo, hilo usilifanye suala la kupigiwa kura. Saikolojia haina chombo cha kulipimia. Inachoweza kuchunguza ni mwili wakati wa usingizi na namna hofu inavyopita kutoka kwa mtu hadi mtu, na hayo mwanafunzi anaweza kuyachunguza bila ya kuiweka kando imani yake. Liseme hili mwanzoni kabisa, kwa sauti ya kawaida.

Angalizo moja kuhusu wasichana wanaoanguka mashuleni. Usikubali neno “wanajifanya”. Kinachowapata ni cha kweli kwao, hata kama hakina kidudu. Likitokea, mwanzo chunguzeni kama sababu ni chakula, maji au moshi. Kisha waliopatwa watengwe mmoja mmoja mahali pa utulivu, na watazamaji waondolewe. Kuwakusanya wote chumba kimoja, na shule nzima dirishani, ndiko kunakoongeza idadi.

Kitabu chetu kinasema watu 38 walimtazama mwanamke akiuawa New York wasifanye kitu. Mwanafunzi mmoja akasema amesoma kwamba ni uongo. Nani kasema sawa? – Mwalimu, Mwanakwerekwe

Mwanafunzi wako yuko karibu zaidi na ukweli, na anastahili kuambiwa hivyo mbele ya wenzake.

Kitty Genovese aliuawa tarehe 13 Machi 1964. Wiki mbili baadaye gazeti la New York Times liliandika kwamba watu 38 walitazama zaidi ya nusu saa bila ya hata mmoja kuita polisi wakati wa shambulio. Mwaka 2007 Rachel Manning, Mark Levine na Alan Collins walizirudia kumbukumbu za kesi, wasipate ushahidi wa hao 38. Wengi walisikia tu, hawakuona. Mmoja alipiga kelele dirishani na mshambuliaji akakimbia kwa muda. Jirani mmoja alishuka akawa naye hadi dakika za mwisho. Gazeti lenyewe lilikiri mwaka 2016 kuwa habari ile ilikuwa na kasoro.

Lakini usilitupe somo zima. Habari ile mbovu ilizaa utafiti mzuri. John Darley na Bibb Latané, mwaka 1968, waliwaweka wanafunzi kwenye vyumba vya peke yao wakizungumza kwa vipaza sauti, kisha mmoja akasikika akipatwa na kifafa, sauti iliyorekodiwa. Aliyeamini kuwa ni yeye tu anayesikia alitoka kutafuta msaada mara 85 katika 100 kabla ya sauti kumalizika. Aliyeamini kuna mwingine mmoja, mara 62. Aliyeamini kuna wengine wanne, mara 31. Fundisha vyote viwili, pamoja na cha tatu: Richard Philpot na wenzake walitazama picha za kamera za ugomvi wa barabarani 219 huko Amsterdam, Lancaster na Cape Town, na katika kila ugomvi 10, kwenye 9 alijitokeza angalau mtu mmoja kuamua. Hakuna mgongano hapo. Mtu mmoja mmoja anaweza kusitasita zaidi penye wengi, na bado penye wengi akapatikana wa kusaidia.

Wanafunzi watasema kwetu mtu hawezi kuanguka Darajani akaachwa. Pengine. Basi wapime kitu kidogo: ombi la notsi litumwe kwenye kundi la WhatsApp la darasa, na siku nyingine ombi kama hilo litumwe kwa watu watano, kila mmoja kwa jina lake. Wahesabu waliojibu ndani ya saa moja. Waliotumiwa waambiwe baadaye kuwa lilikuwa zoezi, na asitajwe asiyejibu.

Nilikuwa nafundisha kwa nini watu huogopa safari za bahari kuliko za barabara. Nikatoa mfano wa meli iliyozama. Msichana mmoja akatoka nje analia, hakurudi. Nimefanya nini? – Mwalimu wa kike, Mkoani

Pole, dada. Mada ni sahihi, mfano ndio ulioumiza. Spice Islander ilizama tarehe 10 Septemba 2011 ikielekea Pemba, na Skagit tarehe 18 Julai 2012. Hapa kwetu ni vigumu kupata darasa ambalo hamna mtoto wa nyumba iliyofiwa. Kwako ni mfano, kwake ni baba au shangazi.

Huyo binti mwite faraghani, leo au kesho, mwambie maneno machache: nimeona ulitoka, samahani, huna haja ya kunieleza kitu. Basi. Usimkalishe umsimulishe yaliyopita kwa kudhani atatua mzigo. Tafiti zilizokusanywa pamoja mwaka 2002 na Suzanna Rose na wenzake zilionesha kuwa kikao kimoja cha kumsimulisha mtu mara tu baada ya msiba hakimkingi na madhara ya baadaye. Muulize tu kama angependa kuonana na mwalimu wa ushauri nasaha, na umuachie yeye kuamua. Mbele ya darasa usimtaje.

Mada yenyewe ifundishe kwa mfano wa mbali. Baada ya Septemba 11, 2001, Wamarekani wengi waliacha ndege wakaendesha magari. Gerd Gigerenzer alikadiria kuwa katika miezi mitatu ya mwanzo watu 350 hivi zaidi ya kawaida walikufa barabarani. Tukio kubwa linalooneshwa kila saa hukumbukwa upesi, na kinachokumbukwa upesi huonekana kuwa ndicho kinachotokea sana. Amos Tversky na Daniel Kahneman walilieleza hili mwaka 1973. Usisahau kuwaambia wanafunzi kuwa kuogopa meli baada ya misiba ile hakukuwa ujinga. Meli iliyojazwa kupita kiasi ni hatari kwa hakika.

Kuanzia sasa itaje mada ngumu siku moja kabla, na uweke ruhusa ya kutoka bila kutoa sababu. Kujiua, ubakaji, kifo cha mzazi: habari za karibu za aina hiyo zisitumike kabisa, hata kama kila mtu anazizungumza mitaani.

Tumepewa kazi ya kutafuta utafiti ulio nyuma ya kichwa cha habari. Nimepata “Wataalamu: chokoleti huongeza akili”. Sijui nianzie wapi, na kila ukurasa unadai pesa. – Mwanafunzi wa mwaka wa pili, Tunguu

Mwanetu, kwenye habari yenyewe tafuta jina la mtafiti, mwaka, na jina la jarida. Habari isiyo na hata kimoja kati ya hivyo iache, chagua nyingine. Majina na mwaka yaandike kwenye Google Scholar. Kiungo cha bure, kikiwapo, huwa upande wa kulia. Usipokiona bonyeza palipoandikwa matoleo yote. Ukikosa kabisa, mwandikie mtafiti barua pepe ya mistari mitatu kwa heshima. Wengi hutuma nakala bila ya malipo.

Ukiipata, soma muhtasari, kisha ruka hadi kwenye sehemu ya mbinu kabla ya matokeo. Andika walikuwa wangapi, ni nani, walifanywa nini, walilinganishwa na nani. Habari za chokoleti mara nyingi hutokana na makala ya Franz Messerli ya mwaka 2012. Ukihesabu utaona “washiriki” ni nchi 23, si watu. Alilinganisha chokoleti inayoliwa katika kila nchi na idadi ya tuzo za Nobel kwa idadi ya watu, na uhusiano ukatoka 0.791, mkubwa sana. Makala hiyo haikuuliza kama washindi wenyewe walikula chokoleti. Nchi tajiri hununua chokoleti nyingi na hujenga maabara nyingi. Miavuli na mbu huongezeka pamoja wakati wa masika, wala mwavuli hauzai mbu.

Mwisho, tafuta kama utafiti umerudiwa. Mwaka 2015 kundi kubwa la watafiti lilitoa matokeo ya kurudia tafiti 100 za saikolojia. Katika za mwanzo 97 kwa kila 100 zilikuwa na matokeo ya kuaminika kitakwimu, katika marudio ni 36. Kwenye Google Scholar bonyeza palipoandikwa idadi ya waliounukuu, kisha ndani yake tafuta neno la Kiingereza lenye maana ya marudio, “replication”. Ukurasa mmoja wa kazi yako ukiwa na kichwa cha habari juu, idadi ya washiriki katikati, na marudio chini, umeshaikamilisha.